Tangazo la Nyumba ya Adolf

Nyumba yenyewe nzuri, tusidanganyane. Vyumba viwili na sebule, bati la bluu, mlango wa kijani, pale Lipangalala, Ifakara, uwanja mmoja na Paulina. Aliijenga kwa mpunga wa misimu minne ili mwanawe Adolf apate pa kuolea. Adolf akaupaka ule mlango mwenyewe, akaacha alama za vidole karibu na kitasa, akasema, "Mama, rangi ikikauka nitakuwa nimesharudi." Akapanda treni ya Tunduma.

Rangi imekauka, jamani. Imekauka mpaka inabanduka, na huu ni mwaka wa tano. Mwaka wa kwanza alikuwa anapokea simu. Wa pili ikawa namba unayopiga haipatikani. Paulina akaacha kupiga. Si kwamba alimsahau, weee! Alichoka kuambiwa habari ile na yule dada wa kwenye simu, tena kwa sauti tamu vile.

Masika ya mwaka huu mchwa wakapanda ukutani mpaka kwenye kenchi. Ndipo akaja Mzee Donati, dalali wa Kibaoni, yule mwenye kibao cha mbao na daftari lililolowa mafuta ya maandazi.

"Mama Adolf, nyumba isiyo na moshi inakufa. Nina mtu. Bwana shamba, Egidius, mstaarabu, hata redio hafungulii sana. Kodi ya miezi sita anayo mkononi. Jumamosi anataka kuingia."

"Acha nifikirie."

"Mwaka wa tatu unafikiria! Mchwa wenzako hawafikirii."

Paulina akacheka. Donati alipoondoka tu, akajifunga kanga akaenda kwa Gladness.

Gladness naye dalali, ila huyu kijiwe hana. Kijiwe chake kiganja. Anapiga picha, anarusha mtandaoni, anangoja akiwa amekaa kwao anasukwa nywele.

"Shikamoo Mama Adolf! Umefanya la maana kuja kwangu. Mzee Donati anatembeza mtu mmoja kwa siku na baiskeli, mimi nina watu elfu sita humu ndani!"

"Marahaba. Hao elfu sita wote wa Ifakara?"

"Wa Ifakara tu, kwani nauza mchicha? Wako Mbeya, wako Tunduma, wengine Zambia huko!"

"Tunduma wapo?"

"Wamejaa!"

"Basi tangaza."

Wakaenda kupiga picha. Gladness anataka choo, anataka jiko. Paulina anataka mlango.

"Mama Adolf, mlango haukodishwi! Watu wanauliza maji."

"Piga mlango, alama za vidole zionekane. Uandike nyumba ya Adolf. Na namba uweke yangu, siyo yako."

Hapo ndipo ilipokuwa siri yake. Paulina hakuwa anatafuta mpangaji. Alijua Adolf ana wivu na nyumba ile kuliko mke ambaye hakuwahi kumuoa. Akiona inapangishwa atakasirika. Akikasirika atapiga. Amtukane hata, lakini apige! Kibao cha Donati kinaonekana Kibaoni tu, ila simu ya Gladness inaonekana mpaka huko walikomezwa watu.

Tangazo likaruka. Kitochi cha Paulina kikawa kinalia kama jimbi.

"Mama, nyumba bado ipo?"

"Wewe nani? Mwana wa nani?"

Wanakata. Siku tatu hivyo, wanauliza maji, wanauliza luku ya umeme, anawauliza mama zao. Alhamisi akachoka, akaenda kwa Gladness na kikaratasi.

"Mtumie Adolf mwenyewe. Hii hapa namba yake."

"Si haipatikani?"

"We tuma."

Gladness akatuma. Tiki moja. Wakakaa. Wakala muhogo. Mara tiki mbili. Mara, Mungu wangu, zote zikawa bluu!

"Amesoma!" Gladness akaruka na nywele zake nusu zimesukwa. "Mama Adolf, amesoma!"

Paulina hakuruka. Alikaa chini, palepale kwenye vumbi. Akaomba aone picha ya mwenye namba. Hakukuwa na sura. Kulikuwa na ng'ombe, wengi, wamesimama majanini.

"Ana ng'ombe sasa," akasema taratibu. "Ndiyo maana amechelewa."

Ijumaa akapiga mara kumi na moja. Haikupokelewa, lakini iliita. Jioni Donati akaja na baiskeli yake.

"Mama Adolf, bwana shamba ni kesho. Nipe funguo."

"Adolf amesoma tangazo."

Donati akaonyeshwa ile picha. Akaitazama sana.

"Mpogoro, mtu wa mpunga, na ng'ombe wote hawa? Wapi na wapi?"

"Amepata mali! Unamuonea kijicho?"

"Sina kijicho, dada yangu. Umeongea naye?"

"Inaita, Donati. Miaka mitatu ilikuwa haiiti. Sasa inaita!"

Mzee akafunga daftari. "Egidius nitampeleka nyumba nyingine, mtaa wa Viwanja Sitini. Nikishampeleka simrudishi."

"Mpeleke."

Jumamosi Paulina akajiambia Adolf yuko njiani, akafagia nyumba, akapangusa mchwa kwa mafuta ya taa, akatandika kitanda shuka jipya. Akapika kambale. Gladness yupo mlangoni na simu yake, eti atampiga Adolf picha akishuka kwenye bodaboda. Saa nane kitochi kikalia. Kwenye kioo: ADOLF MWANANGU.

"Mwanangu!"

"Shikamoo mama." Sauti ya kike.

Moyo wa Paulina ukacheka peke yake. Kumbe ameoa!

"Marahaba mkwe wangu! Hamjambo huko? Mpe simu niongee naye."

"Nimpe nani, mama?"

"Adolf."

Upande wa pili ng'ombe akalia.

"Mama, mimi naitwa Nyamizi. Niko huku Mlimba. Laini hii nilisajiliwa mwaka jana. Tangazo nililiona juzi, jana simu nikaiacha dukani inachajiwa, ndiyo nimekuta umenipigia mara kumi na moja. Natafuta nyumba, wanangu wasome hapo Ifakara."

"Na Adolf?"

"Simjui, mama. Mwanzoni walikuwa wanapiga watu wakimuulizia." Akamfukuza ng'ombe mmoja. "Siku hizi hawapigi tena."

Gladness alishashusha simu yake. Kambale ametulia kwenye sufuria, mafuta yanaanza kuganda.

"Pole mama," akasema yule wa Mlimba. "Nyumba bado ipo?"

Paulina akautazama mlango.

"Ipo," akasema.

Nyamizi akahamia na watoto wawili na magunia ya mahindi. Mwema, wala hana maneno. Akaona mlango unabanduka, akaleta fundi, ukawa kahawia. Paulina alikuwa kanisani. Aliporudi alisema umependeza.

"Mama Adolf, lete nikubadilishie jina," Gladness akamwambia. "Niandike Nyamizi Mpangaji, usiwe unashtuka."

"Liache."

Likabaki. Mwezi wa kwanza kitochi kikilia alikuwa anainuka, hata kama Nyamizi yuko uani anaonekana, anainuka kwanza. Mwezi wa pili alikuwa anageuza shingo tu.

Sasa mpunga umevunwa, umeanikwa kwenye turubai. Paulina anaupindua kwa miguu, Gladness amekaa kivulini anachambua mboga. Kitochi kikalia kwenye kigoda. ADOLF MWANANGU, ADOLF MWANANGU.

"Mama Adolf, simu."

Paulina akaendelea kupindua mpunga.

"Pokea wewe," akasema. "Ni ile koki ya kwa Nyamizi, inavuja. Mwambie fundi anakuja kesho."