Kichupa Namba Arobaini na Moja

Arobaini na moja ilipanda tena. Nilirudia kipimo mara ya tatu, maana nilijua fika kuwa hiyo ni damu ya baba mdogo.

Kosa lilikuwa langu. Maabara yetu ilikuwa ikitafuta kwenye damu dalili za uvimbe wa kongosho kabla haujaanza kuuma, na tuliishiwa damu ya watu wazima wa afya, ya kulinganishia. Kila mfanyakazi akaambiwa alete ndugu. Nikamleta baba mdogo, fundi cherehani, bingwa wa maneno. Vichupa vilitakiwa kupewa namba bila yeyote kujua ni vya nani, lakini yeye akang'ang'ania kuchagua yake.

"Nipe arobaini na moja, saizi ya kiatu changu. Isije ikapotea."

Nikacheka, nikaiandika.

"Kipimo bado tunakijaribu," mkuu wa maabara aliniambia. "Kinaweza kudanganya. Utamtia mtu kiwewe bure. Hapa hatutoi majibu."

Alisema kweli, nami nikamchukia. Siku nne sikukalika, chakula hakikupita. Ya tano miguu ikanipeleka dukani kwa baba mdogo. Nilipanga kumsalimia tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari wangu. Mbona umekonda?" Akajipiga kiunoni, akicheka. "Mimi ndiyo usiseme. Suruali hii nimeipunguza mara mbili tangu uninyonye damu."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. "Baba, kesho twende hospitali. Wakupige picha ya tumbo."

Akatoa pini mdomoni, moja moja. "Arobaini na moja?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Uvimbe ulikuwa mdogo kama punje ya harage, wakautoa wote. Habari zilipomfikia mkuu, hata hakunigombeza. Aliniomba funguo na kitambulisho, basi. Nyumbani sikumwambia mtu. Kila asubuhi nilitoka saa ile ile, nikazunguka mitaa mpaka jioni.

Miezi miwili baadaye baba mdogo akaniita dukani. Alikuwa amenishonea koti jeupe la maabara, kwa kukisia tu, lenye mfuko wa kalamu kifuani. Lilinikaa sawasawa.

"Jumatatu ukienda nalo kazini, waambie nani kashona."

"Nitawaambia," nikasema, nikageuka alione mgongoni.