Mpaka Anisalimu

Mtu akiingia ndani akakukuta umekaa, halafu akakupita kama anavyolipita kabati, huyo hana haraka yoyote. Huyo amekudharau. Ndivyo Warda alivyoamini, na tangu Septemba hakutokea wa kumtoa katika imani hiyo.

Kwao Michenzani, Unguja, hupandi ngazi mpaka juu bila kuulizwa hali kwenye kila mlango, na ole wako ujibu kwa mkato. Sasa chuo cha Doha kikampanga katika fleti ya wanafunzi, Al Rayyan, pamoja na Carolyne, msichana wa Nairobi anayesomea uuguzi. Carolyne akiingia hurusha viatu katikati ya ukumbi, huzidisha baridi ya kiyoyozi bila kuuliza, kisha huyo moja kwa moja jikoni kwenye maziwa ya Warda. Hujambo hamna. Umeshindaje hamna. Mwezi wa kwanza Warda alianza yeye kusalimu, akajibiwa "poa" na mgongo. Mwezi wa pili akanuna, na tangu hapo hajanunua ugomvi mwingine, huo mmoja ulimtosha.

Jumatano alasiri mushrifa, mama wa Kisudani anayesimamia jengo lao, alimsimamisha mbele ya lifti. Simu ya Carolyne ilikuwa kwa fundi, hapatikani. Mtihani wake wa vitendo, uliokuwa ufanyike kesho mchana, umesogezwa asubuhi. Basi la kwenda hospitali huko Al Wakrah litaondoka mapema, saa kumi na mbili.

"Mwambie, binti yangu," mushrifa alisema. "Ameshafeli mara moja. Asipofika kesho, chuo kinamrudisha kwao."

Warda akasema inshallah, na alipolisema alikuwa na nia ya kweli.

Akapanda juu, akavua baibui, akafungua friji. Paketi ya maziwa aliyoinunua jana ilikuwa imerudishwa mahali pake ikiwa na tone chini. Tone! Ingetupwa angesamehe. Hasira zikampanda mpaka masikio yakamwaka, na hapo ndipo alipojiwekea sharti. Carolyne akiingia na kusalimu, ataambiwa. Salamu yoyote, hata ile "sasa" yao ya Nairobi. Asiposalimu, shauri yake.

Carolyne aliingia kabla ya magharibi. Viatu, pu, pu. Kiyoyozi. Warda alikuwa ametulia kwenye kochi, amejiweka tayari kabisa kusalimiwa.

"Kuna maziwa?" Carolyne aliuliza.

"Hamna."

"Aki hii nyumba," akaguna, akaingia chumbani.

Baadaye akatoka na taulo, akapita akiimba. Akatoka tena na daftari lake la uuguzi na glavu ya mpira aliyoijaza maji, akakaa papo hapo kwenye kochi, akaanza kujifunza kuchoma sindano kwenye kidole cha glavu. Midomo ilikuwa ikimcheza, anajikumbusha hatua. Sindano ikakosa kidole mara mbili, akaanza upya. Warda alimwona, na huruma ikamgusa kweli. Alikuwa ameshafungua mdomo. Carolyne, bila kuinua macho, akanyoosha mguu na kumsukuma pajani.

"Songa kidogo."

Warda alisogea. Alisogea mpaka chumbani kwake, akafunga mlango kwa ufunguo.

Asubuhi, baada ya kuswali, alisikia honi. Kutoka dirishani aliwaona wasichana wa uuguzi wakipanda basi na sare zao nyeupe. Dereva akapiga honi tena, akangoja. Carolyne alikuwa amelala chumba cha pili, kiasi cha kugonga ukuta tu. Warda alijua vizuri anachofanya. Hakuna aliyemdanganya, wala shetani asisingiziwe. Basi likaondoka, naye akakunja mswala wake.

Alasiri Carolyne alirudi macho yamemvimba. Safari hii hakuvua viatu.

"Mushrifa anasema alikuambia jana."

"Kanambia."

"Na ukanyamaza."

Jibu la hapo Warda alikuwa amelilaza na kuliamsha usiku kucha. "Mie nakaa na wewe tangu Septemba, hata salamu hunipi. Unanipita kama mti. Mtu asonisalimu, nimwambie nini?"

Carolyne alimkodolea macho.

"Salamu?" Sauti ikampasuka. "Warda, nani husalimia sister yake kila akitoka bafu? Kwetu mtaani Umoja tulikuwa tunalala wanne room moja, na hakuna mtu alikuwa anasalimia mwingine. Tunasalimia wageni! Mushrifa namsalimia. Watchman namsalimia. Wewe nilikuchukua kama wa kwetu. Unadhani ningekunywa maziwa ya mtu simjui?"

"Na mie ningekula nini cha kwako? Hujapata kununua kitu wewe!"

"Ungeitisha!" Carolyne alipiga kelele. "Ungeitisha tu, ningekupea!"

Warda alibaki na hasira yake mkononi, hajui aiweke wapi. Maziwa yalikuwa yake, hilo hakulitoa moyoni. Lakini tiketi ya kumrudisha Carolyne Nairobi ilikatwa, ya Jumapili, na haikuwa ya maziwa.

Jumapili alfajiri Carolyne alitoka chumbani na begi lake. Ukumbi ulikuwa safi. Alimkuta Warda amesimama karibu na mlango, hajui kama aje au aende. Carolyne akalitua begi chini, akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu yote, kama anavyomsalimu mlinzi wa getini.

"Habari ya asubuhi, Warda. Umelala salama?"

"Salama," Warda alijibu, maana alilelewa hivyo.

"Haya. Nashukuru."

Akachukua begi lake, akafungua mlango, akatoka.