Kilio Nyumbani kwa Gasper

Mimi Selestina nimchukie nani kama si mtu anayelalamika hana ndugu, na majirani tumemzunguka! Gasper alikuwaga hivyo. Alitoka Bukavu, Kongo, akiwa kijana, akafungua ofisi mtaa wa Mukendo, pale mjini. Anarekodi nyimbo za kwaya na za wazee wetu, anazichapa vitabuni. Bunda mpaka Butiama wanaimbia vitabu vyake. Lakini nyumbani kwake, hapa Buhare, aliishi peke yake, na mwaka huu akaanza kufunga mizigo.

"Dada Selestina, narudi Bukavu."

"Una nani huko?"

"Sina mtu. Ila huku nikifa nani atanizika? Mgeni huzikwa na manispaa."

Nilikasirika nikamwachia chai yake mezani. Tumekula naye samaki wetu sato miaka yote, leo ananitajia manispaa!

Jumamosi mchana, safari yake ikiwa Jumatatu, nilikuwa naanika dagaa nikasikia kilio kwake. Walikuwa wanawake wengi, wanaimba ule wimbo wa kumlilia marehemu, ambao kwetu hauimbwi kama hakuna maiti ndani. Nikajua wanawake wa Murangi, kijiji anakoendaga kurekodi, wameshafika na sisi majirani tumelala. Jamani, aibu! Nikajitwika unga, nikakimbia huku nalia.

Uani nilimkuta jirani mwenzangu Rhobi ameleta kuni. Wanaume walikuwa na majembe na sururu. Masatu, jirani yetu mzaliwa wa Murangi, alikuwa ameshamkunja shati Amos, jirani wa ukuta mmoja na Gasper.

"Gasper anazikwa Murangi, kando ya baba yangu! Ni baba wa ubatizo wa mwanangu."

"Thubutu!" Amos akajibu. "Alipougua malaria nani alimuuguza? Analala hapahapa Buhare, kwenye kiwanja changu."

Wangepigana kweli, ila wimbo ulikatika katikati ya neno, halafu ukaanza tena mwanzo. Tukatazamana. Waliaji gani hao? Masatu akausukuma mlango.

Gasper alikuwa amekaa kati ya mabegi yake, penseli sikioni, spika mezani ndiyo inayolia. Alikuwa anasahihisha maneno ya wimbo aliorekodi Murangi, aumalizie kabla ya kuondoka.

"Kuna nini?" akauliza, akiyatazama majembe.

"Mjinga wewe!" nilimfokea, machozi bado yananitiririka. "Wimbo huo unafunguliwa nyumbani kwa mtu aliye hai? Tumekuja kukuzika!"

Alimtazama Rhobi na kuni zake, akanitazama mimi na unga.

"Wote hawa? Mimi?"

Masatu na Amos walikuwa wamesharudi uani kubishana.

"Hata akiwa hai, ni Murangi!"

"Nimesema Buhare!"

Gasper akalia, akalia kweli, mabega yanatikisika, na mimi nikalia naye tena, sijui kwa hasira au kwa furaha. Kisha akajifuta uso kwa shati, akatoka nje, akasimama kati ya Masatu na Amos.

"Iwe Buhare," alisema taratibu. "Ila msiwe na haraka."

Masatu amenuna mpaka leo.