Hoja ya Katibu Kwanza

Lori lilikuwa limeshaanza kushuka kuelekea Ngenge. Mama yangu, Ephrasia, alikaa juu ya magunia akitazama nyuma, kwenye kibanja chetu cha migomba alikozikwa baba. Mimi nilikuwa miguuni pake.

Ilikuwa mwaka 1974, na aliyetuhamisha ni mimi, kwa mdomo wangu.

Kabla ya hapo nilipanga chumba Kashai, Bukoba. Jirani yangu Ildefons, fundi cherehani, aliacha seminari akiwa amebakiza mwaka mmoja. Nilimwomba anifundishe falsafa. Nikadhani atanipa majina makubwa ya Wazungu. Alinipa ukurasa mmoja wa kitabu.

"Soma, funga, niambie mwandishi kasema nini."

"Kasema uongo."

"Bwana mkubwa, sijakuuliza hilo. Kasema nini?"

Tulikaa na ukurasa ule wiki mbili. Usimpinge mtu, alisema, mpaka uieleze hoja yake vizuri kuliko yeye, hata mwenyewe akubali kwamba ndicho alichotaka kusema. Hapo ndipo ujibu.

Nikarudi kwetu Muleba na elimu hiyo, nikakuta katibu wa chama ameitisha mkutano. Tuhamie kijiji cha ujamaa huko Ngenge, kwenye rweya, nyasi tupu. Watu walikuwa wamenuna. Mama akanisukuma. "Simama, wewe msomi. Waambie baba yako amelala pale."

Nikasimama. Nikaanza kama nilivyofunzwa, na hoja ya katibu, Buberwa. Vibanja vimebanana. Vijana hawana pa kulima. Mjamzito anabebwa kwa machela nusu siku nzima, na zahanati haiwezi kumfuata kila mtu mgombani kwake. Nilivyoendelea, wazee wakaanza kuitikia. Nami nikanogewa.

Buberwa akaruka. "Naam! Ndicho nilichotaka kusema!"

Makofi.

"Sijamaliza," nikasema. "Kuna upande wa pili..."

"Umemaliza vizuri sana, ndugu. Ukiongeza utaharibu! Wanaokubali, mikono juu."

Mikono ikapanda. Wa mama ulibaki mapajani. Mzee Mwijage, jirani yetu, akaninong'oneza huku mkono wake ukiwa juu: "Kijana, mimi nilikuja kukataa."

Baadaye nilimfuata Ildefons Kashai, nikamlaumu. Akasimamisha cherehani.

"Ulipokuwa unaieleza hoja ya Buberwa, wewe mwenyewe uliikubali?"

Niliondoka na swali hilo. Hata leo ninalo.

Mama alipanda migomba Ngenge mara mbili, ikakauka. Alikufa mwaka wa nne, akazikwa hukohuko, mbali na baba. Zahanati ilijengwa. Buberwa alihamishiwa Kimwani, akastaafu. Mwijage alirudi kibanjani kwake kimyakimya, hakuna aliyemfukuza. Ildefons alimwoa Theopista, wakauza vitambaa mpaka macho ya Ildefons yalipokufa. Mimi nimeishi Mwanza, Tabora, Kigoma na kwingine nilikosahau. Nasoma ukurasa mmoja kwa siku. Mikutanoni siendi.