Nafasi Katika Mstari wa Ndoo

Kosa lilikuwa langu, na sitalizungusha. Sajenti, mwenyekiti wa chama cha askari wastaafu hapa mtaani, aliniletea karatasi ya majina kumi na sita niipige chapa upya, maana ilikuwa imechanika kwenye mikunjo. Mimi ni mtunza kumbukumbu wa zahanati, na nina stashahada ya kazi hiyo. Nikaipiga chapa siku ileile, nikayapanga majina kwa alfabeti kama ninavyopanga mafaili ya wagonjwa, na asubuhi nikawashia jiko ile karatasi kuukuu. Sikubakiza nakala. Angefanya hivyo msaidizi wangu, ningemsema mpaka akome.

Ijumaa alasiri nilimpelekea kazi yake. Ofisi ya chama ni stoo ya zamani nyuma ya shule ya msingi: meza moja, majembe yameegeshwa ukutani, na madawati mabovu ya watoto yakisubiri misumari. Sajenti alikuwepo pamoja na fundi wa magari tunayemwita Spana, na seremala. Sajenti alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Shemeji, hawa umewapanga kwa nini?"

"Kwa alfabeti."

"Kwani sisi tulisimama kwa alfabeti?"

Ndipo nikaelezwa. Kila mwaka, Jumapili ya kuwakumbuka wenzao, husimama kama walivyosimama siku waliyoondoka kwenda vitani, mstari mmoja, kila mtu mahali pake. Nafasi za waliokufa huachwa wazi. Majina huitwa kuanzia kushoto. Aliye hai hujiitikia mwenyewe. Aliyeanguka vitani huitikiwa na mwenzake aliye hai wa kulia kwake: "Yupo." Ukivuruga mpangilio, mtu anamwitikia asiye wake.

"Ile karatasi ya zamani iko wapi?" Sajenti aliuliza.

"Nimewashia jiko."

Sajenti akaivaa tena miwani.

"Chai ilichemka lakini?" akauliza Spana.

Walijaribu kupanga upya palepale, kwa vizibo vya soda juu ya meza. Seremala akaweka kizibo, Spana akakitoa. Sajenti akasema wote wawili wamechanganya gwaride la mazoezi na siku ya kuondoka. Watu watatu, mipangilio mitatu. Aliyeijua yote kichwani ni mwenzao Dereva, ndiye aliyeiandika ile karatasi, na Dereva tulimzika mwezi wa tatu.

Mume wangu ni mmoja wa majina yale. Ana miaka kumi na saba tangu aanguke. Kila mwaka walinialika, na kila mwaka niliwajibu kwamba Jumapili nafua. Niliwakasirikia kwa kurudi bila yeye. Najua si haki, lakini hasira haikuniomba ruhusa.

"Nani humwitikia mume wangu?" niliuliza.

Spana akaanza kukusanya vizibo.

"Dereva," akasema Sajenti. "Alikuwa wa mwisho kabisa kulia. Mume wako alikuwa kati yake na huyu Spana."

"Na sasa?"

"Hilo tulikuwa bado tunalitafakari, shemeji. Baada ya wa mwisho hakuna mtu."

Nilipofika nyumbani nilimsimulia binti yangu huku tukimenya vitunguu. Baba yake aliondoka yeye akiwa anatambaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi.

"Kwa hiyo keshokutwa wataliita jina la baba, halafu kimya?"

"Kama wataliita. Orodha yenyewe nimeichoma."

"Mama, wewe si ndiye husema hakuna kumbukumbu inayopotea, kuna mtu mvivu wa kutafuta?"

Nilimwambia aendelee na vitunguu.

Jumamosi nilikuwa zamu. Dirisha la chumba changu cha mafaili linatazama mtaro, ule ambao ukiziba maji ya mvua huingia wodi ya wazazi. Kila mwaka kabla ya mvua wale wastaafu huja kuuzibua, bila kuitwa na bila kudai hata soda. Walikuwa wamekwisha anza. Wa kwanza kushoto anachota tope, ndoo inapita mkono kwa mkono hadi kwenye mkokoteni kulia.

Sasa, ule mstari wao ulikuwa ukiniudhi tangu zamani. Wanaacha mianya. Hapa wawili wamesimama karibu, pale mtu anajinyoosha mpaka kiuno kilie ili ndoo imfikie mwenzake. Mwaka juzi niliwapigia kelele kutoka dirishani: "Sogeleaneni basi, mtamaliza saa nne." Hawakunijibu, na mimi nikamwambia muuguzi kwamba jeshini hawafundishwi hesabu.

Nilisimama na faili mkononi nikahesabu. Wanaume tisa. Katikati yao mianya minne, mitatu ya hatua moja, mmoja wa hatua mbili. Kulia kabisa Spana alikuwa anaipokea ndoo akiwa wa mwisho na kutembea nayo hatua mbili tupu hadi mkokotenini, akivuta lile goti lake bovu.

Tisa walio hai. Sita walioanguka vitani. Dereva.

Kumi na sita, kila mtu mahali pake. Nikachukua daftari na kalamu, nikavua viatu vya kazini, nikashuka.

Sikuwaambia waache kazi. Mezani walibishana kwa sababu walikuwa wanafikiri. Mtaroni hawakuwa wanafikiri. Nilianza na wa kushoto, nikamuuliza huku ndoo iko mikononi mwake: "Pengo hili la nani?" Akalitaja jina bila kugeuka. Nikaenda kwa wa pili. Penye pengo la hatua mbili alikuwa seremala.

"Wa kwanza nani, wa pili nani?"

"Wa kwanza yule mrefu. Wa pili mpiga filimbi. Shemeji, usinisimamie njiani, nina ndoo."

Jana yake aliapa kwamba ilikuwa kinyume chake. Sikumkumbusha.

Nilipomfikia Spana daftari lilikuwa limejaa matope na majina kumi na manne, na la kumi na tano sikuhitaji kuuliza. Alisimama na ndoo yake, ananitazama. Miaka kumi na saba nilidhani hanitazami kwa sababu ya dharau.

"Hapa pake," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Mimi huwa napapita pembeni. Nisimkanyage."

Ilikuwa kweli. Nyayo zake kwenye tope zilipinda kidogo, kila safari.

"Goti linakuuma," nikamwambia.

"Linauma."

Niliweka daftari juu ya ukuta, nikapandisha sketi kidogo, nikaingia mstarini. Nikasimama kulia kwake. "Nipe hiyo ndoo."

Hakunipa. Sajenti ndiye aliyesema kutoka upande wa pili: "Hapo hapana, shemeji. Hapo ni pake mwenyewe, na yeye hajiitikii. Sogea moja kulia."

Nikasogea moja kulia, mahali pa Dereva.

"Na Dereva mwenyewe?" nikauliza.

"Dereva nitamwitikia mimi. Alikufa na koti langu."

Wakacheka, Spana naye. Kisha Sajenti akafuta mikono kwenye suruali, akalichukua daftari langu ukutani. "Tuijaribu kabla haijachomwa na hii," akasema, akaanza kuita kutoka kushoto. Kazi haikusimama. Ndoo zilikuwa zinapita na sauti zinapita. "Yupo." "Yupo." Muuguzi alitoka mlangoni na trei yake, akabaki hapo.

Likaitwa jina la Spana, akajiitikia. Akainama, akanyoosha ndoo kwa mikono yote miwili juu ya ile nafasi tupu. Ilikuwa mbali kuliko inavyoonekana kutoka dirishani. Ilibidi nijinyooshe mpaka mgongo ukalia, vidole vikaufikia mpini.

Sajenti aliliita jina la mume wangu, majina yake yote matatu.

Ndoo ilikuwa nzito. Sikuiweka chini.

"Yupo," nikasema.