Wiki Moja, Mahali Pawili

...na Florida kuna bahari, anasema mwanangu Hesbon, sauti yake inatoka kwa simu iliyolala mezani katikati ya vikombe, Baba Hesbon ameiweka kwa sauti kubwa ili tusikie sote wawili, na mimi bahari nitaifanyia nini, mtu wa Kabuchai, hata ya Mombasa sijaiona, wanaotoka huko wanasema ni maji ya chumvi tu, na chumvi ninayo jikoni. Ati Amerika ni kubwa, mama, na mimi nimepewa likizo ya wiki moja pekee pale ninapouguza wazee, kwa hivyo chagueni mahali pawili, mkitaka patatu tutamaliza wiki yote ndani ya gari, na chagueni haraka, kadi ya simu inaisha, na Baba Hesbon anacheka kama kijana, tangu viza zitoke ananyoa ndevu kila asubuhi, yeye anataka maporomoko, Niagara, aliyaona kwa kalenda ya benki, na yale ya Nabuyole yako hapo tu Webuye, ukitoka hapa asubuhi unafika kabla ya jua kukolea, miaka yote ya ndoa hajanipeleka hata siku moja, leo ndio amejua maji yakianguka ni kitu cha kutazamwa... wacha afurahi, angalau mmoja wetu afurahi. Mimi safari hii niliikubali kwa sababu moja, na kila mtu wa nyumba hii anaijua na hakuna anayeitaja. Nekoye. Msichana wangu yuko ndani ya hiyo nchi kubwa, Nekoye niliyembeba mgongoni nikivuna mahindi, Nekoye aliyechangiwa nauli na Kabuchai nzima, hata wajane walileta kuku kwa mnada wa harambee, mchungaji akamwekea mikono kichwani, binti yetu anaenda kusomea udaktari, watu wakalia, na simu yake ya mwisho ilitoka Minnesota, jina nililolifunza ulimi wangu polepole kama mstari wa Biblia, alisema mama nimeacha shule, alisema usiwaambie watu bado, na sikuwaambia, na hajapiga tena, huu ni mwaka wa nne. Nikienda soko la Bungoma wananiuliza, Phelista, daktari wetu anasema aje, nasema anawasalimia. Nimewasalimia kwa niaba yake mpaka mdomo umechoka.

New York kuna sanamu ya mwanamke ameinua mwenge, anaendelea Hesbon, Arizona kuna bonde kubwa ajabu, na Baba Hesbon anasema bonde la nini bana, sisi si ndio watu wa Bonde la Ufa, wanacheka, mvua ya Julai inapiga mabati hata maneno mengine yanapotea, na mimi nangoja. Anazunguka huyu mtoto, anaizunguka nchi yote kama mtu anayefagia uwanja akiruka pale mbwa alipolala, ametaja Texas, ametaja mpaka jangwa, na yeye mwenyewe mwaka ule alipofika ndiye aliyeniambia Minnesota imejaa watu wetu, kuna kanisa wanaimba Kiswahili, kuna mama anauza unga wa ugali, na tangu siku hiyo mimi nilijua nitakachofanya, nitasimama mlangoni pa kanisa hilo Jumapili nikiwa na leso yangu ya akina mama wa kanisa, mtu atanitazama aseme huyu si mama yake Nekoye, si wana sura moja, nami nitamwambia nipeleke, na ndani ya sanduku, chini ya nguo, nimefunga uyoga wa kichuguu niliouanika mwenyewe, ule aliokuwa akiupenda kuliko nyama, nimeununulia kitambaa kipya... Uliza, Phelista, utangoja mpaka lini. "Na Minnesota?" nasema, na Baba Hesbon anaacha kucheka. Kwa simu Hesbon anashusha sauti. "Huko kuna baridi, mayi."

Mayi. Siku zote mimi ni mama, Kibukusu anakikumbuka tu mambo yakiwa mazito, aliniita mayi siku alipotumwa shambani kuniambia mama yangu ameaga, akasimama kati ya mahindi akasema mayi, nami nikajua kabla hajamaliza. Na baridi gani, si tulipoanza kuongea amesema ni kiangazi chao, joto nchi yote mpaka mpakani na Kanada, msibebe sweta, leo leo amesema, chai haijapoa bado. Kwa hivyo anajua. Anajua mahali Nekoye alipo. Na kama amekufa... hapana, angekuwa amekufa ningejua, maiti ya mtu wetu haifichwi, simu zinapigwa, watu wanachanga huko na huku, ndege inamleta, tulimpokea hivyo kijana wa mzee Wepukhulu, na jeneza la kung'aa ambalo Sirisia haijawahi kuliona, na kwa Nekoye hakuna aliyetuita kuchanga. Basi yuko hai. Asante Mungu, yuko hai, anaamka, anachana nywele, anaongea na ndugu yake, na amemwambia usimlete mama huku. Mtoto wangu hataki kuniona. Lile jeneza angalau mama wa yule kijana aliliwekea mkono... shetani ashindwe, Phelista, usifikirie hivyo, lakini nimeshafikiria. Nilidhani nchi ndiyo kubwa. Nilidhani amepotea.

Mama uko, anauliza Hesbon, na mimi nasema niko, maporomoko ni sawa, tutaenda na baba yako, na ninamsikia akipumua, mwanangu, alikuwa amebeba mzigo mzito mlangoni kwangu na hakujua pa kuutua. "Hesbon, nikikuachia uyoga, utajua pa kuupeleka?" Gari linapita huko kwao, nalisikia lote mpaka liishe. "Nitajua, mayi." Na Baba Hesbon, bila kuniangalia, anasukuma simu karibu nami, ati uyoga wa nini sasa, bado mahali pa pili, Mama Hesbon, chagua wewe, kadi inaisha, na mvua bado inapiga, na mimi nasema popote, popote tu.