Somo la Tano la Achola

Norah aliandika maelezo ya masomo manne bila shida. Chuo cha ufundi Nairobi kilikuwa kimemjibu binti yake, Achola: kwa kuwa amesomea nyumbani, mzazi aeleze kila somo kwa aya moja, yaani yaliyofundishwa, vitabu, saa na jina la mwalimu. Kiingereza, historia, biolojia na hesabu Norah alimfundisha mwenyewe, hapo jikoni kwao Fittja, Sweden, kila akirudi kutoka kwenye kazi ya usafi kule Märsta. Zamani, kwao Tororo, alikuwa mwalimu. Achola hakuweza kukaa darasani. Tangu askari walipomchukua baba yake mwaka 1982, mbele ya watu wengi sauti ilimkauka.

Truphosa, jirani yao Mkenya, ndiye aliyeleta taipureta na kukaa kumsaidia.

"Umesahau moja, Mama," Achola alisema, akaweka daftari la buluu mezani. "Upimaji ardhi."

Norah alicheka. "Hilo kakufundisha nani?"

"Baba."

Norah alifungua daftari. Ukurasa baada ya ukurasa palijaa pembe, miteremko, na ramani ya mtaa wao hadi ziwani, imepimwa kwa hatua za miguu. Kila zoezi lilikuwa na tarehe ya Alhamisi, saa sita mchana. Chini yake palikuwa na masahihisho kwa wino mwekundu, mwandiko uliolalia kushoto. Opio, mumewe, alikuwa mpima ardhi na aliandika kwa mkono wa kushoto. Hawakuja Sweden na hata karatasi yake moja.

"Dada Norah, mtoto ana majonzi," Truphosa alimnong'oneza mlangoni. "Andika hayo manne, yatosha."

Alhamisi iliyofuata Norah aliomba ruhusa kazini. Ilikuwa Februari, na theluji ilimwaga mwanga mweupe hadi kwenye korido. Alisimama nje ya mlango wake mwenyewe akasikiliza.

"Nyuzi arobaini na mbili," alisema Achola. Kimya. "Samahani. Arobaini na tatu." Kimya tena, halafu akacheka. Norah hakuwa amekisikia kicheko hicho kwa miaka mitano.

Aliingia. Achola alikuwa peke yake, na kiti cha pili kimevutwa karibu naye. Jikoni kulinukia udongo uliolowa mvua, na huko nje ardhi ilikuwa imeganda kama jiwe.

"Karibu, Mama. Tumebakiza nusu saa."

Aliegemea ukuta, koti bado mwilini.

"Muulize walimpeleka wapi," alisema. "Muulize amelala wapi."

Achola aligeukia kile kiti, akasikiliza. "Anasema hilo si somo langu."

"Basi ni langu!" Norah alilia. "Opio, mimi ni mkeo! Niambie mimi!"

Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini kurasa za daftari zilijifunua zenyewe hadi ya mwisho. Achola alihamishia penseli mkono wa kushoto, ambao hakuwahi kuuandikia, akachora: daraja la reli la kule Tororo, njia ya ng'ombe, jabali lililopasuka. Kutoka kwenye jabali, hatua mia mbili na kumi kuelekea kusini. Alipoweka penseli chini, ile harufu ilikuwa imekwisha.

Norah aliituma ramani kwa Bethuel, mdogo wake Opio aliyebaki nyumbani. Jioni ile ile akaandika aya ya tano. Penye jina la mwalimu aliandika Opio, na hakuongeza neno "marehemu". Truphosa aliisoma mara mbili, akasahihisha herufi moja tu.

Jibu la Bethuel lilifika Mei. Alikuwa amehesabu hatua, akachimba, akamkuta ndugu yake. Walimtambua kwa mkanda wake, wakamzika nyumbani pamoja na wazee wake.

Alhamisi zote zilizobaki Achola alikaa jikoni saa sita, na hakuja mtu. Chuo kilimpokea. Mnamo Septemba, kabla ya kuripoti, alipitia Tororo. "Kaburi limepinda nyuzi tatu," alimwandikia mama yake. "Nimewaambia baba zangu wadogo walinyooshe, na niliwaambia kwa sauti, watu wote wakisikia."